Mkono wa siri na sanadi yake: asili ya khabari za njama katika siasa za mrengo wa kulia

Suali: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Wete. Mpwa wangu aliyeko Ulaya hutuma kwenye grupu letu la ukoo video zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Mara Illuminati, mara Freemason, mara Wayahudi wenye benki zote, mara "serikali ya ndani" ya Marekani, yaani wakubwa wa siri wanaodaiwa kuitawala nchi nyuma ya pazia, iliyoiba kura. Husema wako wanasiasa wa kule, wa mrengo wa kulia, wanaopambana na watu hao, na kwamba tuwaombee dua. Vijana wa barzani wamezipokea kwa mikono miwili. Mimi najua kuwa serikali kubwa zimefanya njama za kweli, kwa hivyo siwezi kumwambia tu kuwa ni uongo. Haya yametoka wapi, kwa nini wanasiasa hao wanayapenda, na nimjibu vipi?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu.

Hayo manne uliyoyataja ni watoto wa mama mmoja, na nasaba yao inafuatika kwa mwaka, mji na mchapishaji. Mpwa wako anaamini amepata siri mpya. Alichopata kimekuwa kikichapishwa kwa zaidi ya miaka 220, kila zama kikibadilishiwa majina. Nadhani hilo ndilo la kwanza anapaswa kulijua, kabla hamjaanza kubishana juu ya kweli na uongo.

Illuminati walikuwepo. Adam Weishaupt, mwalimu wa sheria za kanisa katika chuo kikuu cha Ingolstadt, Bavaria, alikiunda chama hicho tarehe 1 Mei 1776. Mtawala wa Bavaria alianza kukipiga marufuku 1784, nyaraka zake zikakamatwa, na serikali yenyewe ikazichapisha ili kila mtu azisome. Chama hakikutimiza miaka 15. Kilichokifufua ni mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Mfalme alipouawa 1793, makasisi na mamwinyi waliopoteza vyeo na mali walitaka maelezo, na kuambiwa kuwa hazina ilikuwa imefilisika na mkate umepanda bei hakukuwaridhisha. Mwaka 1797 Augustin Barruel, padri wa Kifaransa aliyekimbilia London, alianza kuchapisha kitabu kirefu kinachodai kuwa mapinduzi yote yalipangwa na Freemason na Illuminati. Mwaka huohuo John Robison, mwanasayansi wa Edinburgh, alitoa chake chenye dai hilohilo. Kisha 1806 Barruel akaletewa barua yenye jina la afisa mmoja wa Florence, ikimlaumu kwamba amewasahau Wayahudi. Barua hiyo ilizunguka mkono kwa mkono kwa miaka. Kwa hivyo video ya mpwa wako inayowataja Illuminati, Freemason na Wayahudi kwa pumzi moja imefuata mpangilio uliokuwepo tayari 1806.

Upande wa pili wa bahari, Mei 1798, mchungaji Jedidiah Morse aliwahubiria watu wa Boston kuwa Illuminati wameshaingia Marekani. Mwanawe, Samuel Morse, ni yule wa telegrafu. Mwaka 1835 mwana naye alitoa kitabu chake, na adui sasa ni Papa na ufalme wa Austria, wanaodaiwa kuwatuma wahamiaji Wakatoliki ili wakaiteke Marekani kwa kura zao. Mwaka mmoja nyuma watu wenye ghadhabu walikuwa wameichoma moto nyumba ya watawa wa kike ya Charlestown, mji uleule ambao mzee Morse alikuwa na kanisa lake. Mwaka 1836 Samuel Morse akagombea umeya wa New York kwa chama cha kupinga wageni, akashindwa vibaya. Lakini fikra haikushindwa. Katika miaka ya 1850 ilizaa chama cha Know Nothing, kilichoitwa hivyo kwa kuwa wanachama wakiulizwa habari zake walitakiwa kujibu kuwa hawajui kitu. Agosti 1855, siku ya uchaguzi mjini Louisville, Wakatoliki wa Kiairishi na Kijerumani waliandamwa mitaani na watu wasiopungua 22 wakauawa. Mwaka uliofuata mgombea urais wa chama hicho, Millard Fillmore, alipata zaidi ya moja ya tano ya kura za nchi nzima.

Hapa naomba tutue kidogo, kwa sababu umbo lililojengwa wakati huo ndilo linalotumika mpaka leo. Juu yuko adui tajiri asiyeonekana. Chini yuko mgeni maskini anayeonekana kila siku sokoni. Wa juu ndiye aliyemleta wa chini. Katikati tumebanwa "sisi", wananchi halisi, na viongozi wetu ama wamenunuliwa ama wamelala. Ukilishika umbo hili vizuri, video nyingi utazitambua kabla hazijafika dakika ya pili.

Sasa nije kwenye kitabu ambacho, bila shaka, ndicho chanzo cha zile video za Wayahudi na benki, hata kama aliyezitia Kiswahili hajawahi kukisikia. Kinaitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni. Kinajifanya kuwa kumbukumbu za vikao vya siri ambamo viongozi wa Kiyahudi wanapanga kuitawala dunia kwa dhahabu, magazeti na fitina. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1903, kwa sehemu sehemu, katika gazeti la Znamya la Saint Petersburg, Urusi. Mwenye gazeti, Pavel Krushevan, alikuwa pia na gazeti jingine katika mji wa Kishinev, na uchochezi wa gazeti hilo ulikuwa miongoni mwa sababu za mauaji ya Aprili mwaka huohuo, ambapo Wayahudi 49 waliuawa katika mji huo.

Namna kilivyogunduliwa kuwa ni cha kughushi inafaa kufundishwa skuli. Mwaka 1921 Philip Graves, mwandishi wa gazeti la The Times la London aliyekuwa Istanbul, alipewa na mkimbizi mmoja wa Kirusi kitabu kikuukuu cha Kifaransa. Kitabu hicho kiliandikwa na wakili wa Paris, Maurice Joly, na kilichapishwa 1864. Hakiwasemi Wayahudi kuwa wapangaji wa lolote. Ni mazungumzo ya kubuni baina ya wanafalsafa wawili waliokufa, Machiavelli na Montesquieu, na shabaha yake ni kumshambulia Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa wa wakati ule. Joly alifungwa miezi 15 kwa ajili yake.

Graves aliviweka vitabu viwili kando kwa kando. Kwa Joly, Machiavelli anajigamba kuwa magazeti yake yatakuwa na mikono mia kama mungu wa Kihindi Vishnu. Katika Itifaki, "wazee wa Kiyahudi" wanajigamba kuwa magazeti yao yatakuwa na mikono mia kama mungu wa Kihindi Vishnu. Je, wazee wa Kiyahudi walioketi faraghani wangekuwa na haja gani ya kuazima sanamu la Kihindi, tena lilelile alilolitumia wakili wa Paris miaka 40 nyuma, tena kwa jambo lilelile la magazeti? Waliolinganisha maandiko hayo baadaye walikuta zaidi ya vifungu 160 vilivyonakiliwa namna hiyo. Agosti 1921 The Times ikachapisha yote. Mwaka 1935 hakimu wa Bern, Uswisi, baada ya kusikiliza mashahidi na wataalamu, naye alisema kitabu ni cha kughushi.

Kingekwishia hapo, lau kukanusha kungetosha. Lakini Marekani, tangu Mei 1920, Henry Ford, tajiri wa magari, alikuwa akikieneza katika gazeti lake la Dearborn Independent kwa matoleo 91 mfululizo, na mawakala wake wa magari walisukumwa walisambaze pamoja na biashara yao. Alishtakiwa, na mwaka 1927 akaomba radhi kwa maandishi. Makala zake zilikuwa zimeshakusanywa kuwa vitabu na kufasiriwa Kijerumani, na Hitler alizisifu. Kwa Wajerumani, walioshindwa vita vya kwanza vya dunia, dai lilikuta donda bichi. Novemba 1919 Jemadari Hindenburg aliiambia kamati ya bunge kuwa jeshi lao lilichomwa kisu mgongoni na wa nyumbani, ilhali ni wakuu wa jeshi wenyewe waliodai mapigano yasitishwe, mwisho wa Septemba 1918, kwa kuwa walijua wameshindwa. Wanasiasa waliosaini usitishaji huo wakaitwa wasaliti, na Wayahudi wakatiwa katika usaliti huo. Kilichofuata kati ya 1933 na 1945 unakijua.

Najua barzani atatokea wa kuuliza: na Palestina je? Jibu lake liwe wazi. Yanayofanywa na serikali ya Israel yana tarehe, majina ya mawaziri, ramani na maazimio ya Umoja wa Mataifa. Anayeyapinga ana ushahidi wa kutosha mkononi, wala hahitaji karatasi iliyoghushiwa Urusi miaka 45 kabla ya dola hiyo kuundwa. Akiitumia, anawapa wapinzani wake sababu ya kuutupa pia ule ushahidi wa kweli.

Baada ya vita vya pili mkondo huu ulikuwa Marekani, na hapa nitapita haraka. Tarehe 9 Februari 1950 seneta Joseph McCarthy alisimama Wheeling, West Virginia, akasema ana orodha ya wakomunisti 205 walioajiriwa wizara ya mambo ya nje. Siku chache baadaye orodha ikawa ya watu 57, na alipofika ukumbi wa seneti ikawa 81. Orodha yenyewe hakuna aliyeiona. Ilichukua hadi Disemba 1954 seneti kumlaani kwa kura 67 dhidi ya 22. Mwaka 1958 Robert Welch, mtengeneza peremende, aliunda John Birch Society, na akadai kuwa hata Rais Eisenhower, jemadari aliyeongoza vita dhidi ya Hitler, ni wakala wa wakomunisti. Ukomunisti ulipoanguka, adui akahamia kwenye "utaratibu mpya wa dunia" na Umoja wa Mataifa. Aliyelipua jengo la serikali Oklahoma City tarehe 19 Aprili 1995 na kuua watu 168 alikuwa amelelewa na maneno hayo.

Khabari ya cheti cha Obama nataka niitazame kwa karibu, kwa sababu inagusa pwani yetu. Kuanzia 2008 ilidaiwa kuwa Barack Obama hakuzaliwa Marekani, kwa hivyo urais wake ni batili. Alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, na magazeti mawili ya mji huo yalitangaza uzazi huo mwezi uleule. Agosti 2009 ikasambazwa karatasi iliyodaiwa kuwa cheti chake cha Mombasa. Juu imeandikwa Jamhuri ya Kenya, na tarehe ya kutolewa ni Februari 1964. Kenya ilipata uhuru 12 Disemba 1963 ikiwa bado chini ya Malkia wa Uingereza, na haikuwa jamhuri hadi 12 Disemba 1964. Aliyeghushi aliandika jina la dola ambayo ingezaliwa miezi kumi baadaye. Baadaye ilionekana kuwa mfano wake umechukuliwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha Australia Kusini. Mzee yeyote wa Wete angeweza kuongeza kuwa Mombasa ya 1961 ilikuwa ndani ya mwambao wa maili kumi, ambao kisheria ulikuwa wa Sultan wa Zanzibar na ukikodishwa na Waingereza tangu 1895, hadi makubaliano ya Oktoba 1963. Watu wa mbali hawakuijua historia yetu, wakaitumia kughushia.

Donald Trump alilishika dai hilo 2011, likampa jina katika siasa. Aprili mwaka huo Obama alitoa cheti kamili. Dai halikufa. Trump alikiri kuwa Obama kazaliwa Marekani tarehe 16 Septemba 2016 tu, wiki chache kabla ya uchaguzi. Maana ya dai lile haikuwa karatasi. Lilikuwa ni njia ya kusema "huyu si mwenzetu" bila ya kutaja rangi yake wala jina la baba yake.

Mwalimu, hili linalofuata ndilo hasa lililonifanya nikujibu kwa urefu huu. Mwaka 2005 ilienezwa fikra iliyoitwa Eurabia, kwamba viongozi wa Ulaya wamepatana kwa siri na Waarabu ili bara lao liwe la Waislamu. Mwaka 2011 mwandishi wa Kifaransa Renaud Camus akatoa fikra ya "ubadilishaji mkubwa", kwamba vigogo wanawaondoa wazungu na kuwaweka wahamiaji mahali pao. Tarehe 22 Julai mwaka huo, nchini Norway, mtu mmoja aliua watu 77, wengi wao vijana waliokuwa kambini, akawa ameacha waraka wa kurasa kama 1,500 uliojaa Eurabia. Oktoba 2018 mtu mwingine aliingia sinagogi la Pittsburgh akaua watu 11, akiwatuhumu Wayahudi kuwa wanasaidia "wavamizi" kuingia nchini. Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, mtu wa tatu aliingia misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, akawaua waumini 51. Waraka wake aliupa jina la fikra ile ya Camus.

Yaweke matatu hayo pamoja na umbo nililokueleza. Katika khabari hii Myahudi ndiye wa juu, na Muislamu mhamiaji ndiye wa chini aliyeletwa. Mpwa wako anayeishi Ulaya, mwenye jina la Kiislamu na ngozi yake, anapotuma video ya kuwa Wayahudi wanaiendesha dunia, anasambaza nusu ya khabari ambayo nusu yake ya pili inamhusu yeye. Wanasiasa anaotutaka tuwaombee dua wengi wao hupata kura kwa kuahidi kuwafukuza watu kama yeye. Huko Hungary, 2017, serikali ya Viktor Orbán ilibandika mabango ya uso wa George Soros, tajiri wa Kiyahudi aliyezaliwa huko, nchi nzima, na 2018 ikapitisha sheria iliyoitwa "Zuia Soros", iliyowaadhibu waliowasaidia wanaoomba hifadhi. Bango lilikuwa na Myahudi. Aliyefungiwa mpaka ni Msyria.

Kwa nini wanayapenda? Siasa za namna hii, zinazoitwa upopulisti, husema kuwa nchi ina watu wa aina mbili tu: wananchi safi walio na moyo mmoja, na vigogo waliooza. Upopulisti wa mrengo wa kulia huongeza wa tatu, mgeni. Sasa ukishadai kuwa wewe peke yako ndiye sauti ya wananchi wote, siku ukishindwa uchaguzi unabaki na maelezo mawili. Ama hukuwa sauti ya wote, ama umeibiwa. La kwanza linaua chama, kwa hivyo lazima liwe la pili. Ndiyo maana baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2020 zaidi ya kesi 60 zilishindwa mahakamani, mbele ya mahakimu wakiwemo walioteuliwa na Trump mwenyewe, na bado tarehe 6 Januari 2021 watu walivunja milango ya bunge. Brazil ilifuata nyayo tarehe 8 Januari 2023. Na ukishinda je? Ahadi zisipotimia, njama ya pili huwa tayari: serikali ya ndani imenizuia. Chombo kimoja kinatumika kuombea kura na kuombea radhi.

Kuna fedha pia, na vijana hawaambiwi. Alex Jones, mtangazaji wa Marekani aliyedai kwa miaka kuwa mauaji ya watoto 20 na watu wazima sita katika skuli ya Sandy Hook, Disemba 2012, yalikuwa mchezo wa kuigiza, kipato chake kikubwa kilitoka kwenye vidonge vya lishe alivyokuwa akiviuza katika kipindi hichohicho. Mwaka 2022 mahakama zilimwamuru awalipe wafiwa karibu dola bilioni 1.5. Kituo cha televisheni cha Fox, kwa kurusha madai ya kuwa mashine za kura ziliiba uchaguzi wa 2020, kililipa kampuni ya mashine hizo dola milioni 787.5 mwaka 2023.

Haki ni haki: uzushi wa njama si mali ya mrengo wa kulia peke yake. Stalin aliwakamata madaktari kwa njama ya kubuni, ikatangazwa mwanzoni mwa 1953. Na hapa petu, katika zama za siasa, kila upande uliambiwa majukwaani na magazetini kuwa upande wa pili umeshapanga kuwamaliza. Juni 1961, siku ya uchaguzi, damu ikamwagika Unguja na watu 68 wakafa.

Hofu yako ya kwamba njama za kweli zipo ni sahihi, na usiiache. Patrice Lumumba aliuawa 17 Januari 1961, na kamati ya bunge la Ubelgiji mwaka 2001 ilikiri kuwa Ubelgiji ina dhamana ya kimaadili katika kifo hicho. Nchini Marekani, Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972, madaktari wa serikali waliwaacha mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila ya dawa ili watazame ugonjwa unavyokwenda. Tazama tabia ya njama hizi. Lengo lake ni moja na lina mipaka. Waliohusika wanahesabika na wana majina. Ziliacha barua, simu za maandishi na hesabu za fedha. Alitokea wa ndani akasema, na mwisho wake zilikuwa na ripoti unayoweza kuisoma. Njama ya video ni ya karne tatu, inahusu kila kitu, ina maelfu ya washiriki, hakuna hata mmoja aliyewahi kuropoka, na ukikosa ushahidi unaambiwa kuwa huo ndio ushahidi.

Sasa namna ya kuishughulikia. Nyinyi mliosoma chuo cha Kurani mna kipimo ambacho wengi Ulaya hawana: sanadi. Hakuna sheikh anayeipokea hadithi bila ya kuuliza nani kaipokea kwa nani, na kama katika mnyororo kuna asiyejulikana, hadithi hudhoofika hapohapo. Sura ya Hujurat, aya ya 6, inaamrisha khabari ipelelezwe kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Video ipewe kipimo hichohicho.

Ikifika, kwanza itazame juu. Ikiwa katika WhatsApp ina alama ya mishale miwili, imeshapita minyororo ya kufowadiwa mara tano au zaidi, na aliyekutumia hamjui aliyeitengeneza. Kisha andika dai lake kwa sentensi moja: nani, kafanya nini, wapi, lini. Video nyingi huvunjika hapa, kwa kuwa ukiondoa muziki na sauti nzito hupati sentensi. Ukiipata, simamisha video mahali penye picha iliyo wazi, piga skrinshoti, kata maandishi yaliyobandikwa, uitafute picha hiyo kwa Google Lens. Mara nyingi utakuta picha ni ya mwaka mwingine na nchi nyingine. Usitafute kwa maneno ya video yenyewe, kwa sababu maneno hayo yatakurudisha kwa waliyoyatunga. Tafuta kwa jina la mtu au mahali pamoja na mwaka. Kwenye karatasi, tazama kichwa cha barua, jina la dola na tarehe, kama ile ya Mombasa. Kwenye idadi, tazama kama inabadilika kila inaposimuliwa, kama orodha ya McCarthy. Mwisho, ondoa jina la kabila au dini iliyotajwa, weka "Waislamu", kisha weka "Wapemba". Sentensi ikikuchoma, ujue ilikuwa inamchoma mtu tangu mwanzo.

Kwa mpwa wako, usimjibu ndani ya grupu. Mbele ya ukoo mzima atajitetea hata akijua amekosea, na vijana watamuunga mkono kwa kumwonea haya. Mpigie, mtu na mjomba wake. Usianze na "uongo mtupu", maana atakuletea Lumumba, na katika hilo atakuwa na haki. Anza na unachokubaliana naye: wakubwa huficha mambo, na mtu wetu huko Ulaya hudharauliwa na kukosa kazi. Muulize kitu kimoja tu kwa siku. Swali zuri la kwanza ni hili: "Ni ushahidi gani ukiuona utasema hii si kweli?" Akisema hakuna, mwache alale nalo. Siku nyingine msimulie Vishnu, maana hilo halihitaji imani, linahitaji vitabu viwili kando kwa kando. Siku nyingine Christchurch.

Usimmiminie viungo kumi vya kusoma. Hatavisoma, na atahisi anapigwa. Usiitume tena video ukisema "tazameni uongo huu", kwa sababu atakayeipokea ataona video na asisome maneno yako. Ukilazimika kusema katika grupu, tanguliza ukweli, taja uzushi mara moja kwa maneno yako mwenyewe, kisha malizia na ukweli.

Ule msemo wetu, lisemwalo lipo, kama halipo laja, vijana wa barzani watakutolea, jitayarishe. Waambie kuwa la Louisville lilisemwa na halikuwepo: hakuna jeshi la Papa lililofika Marekani. Kilichokuja ni wenye kuamini kuwa linakuja, na moto mkononi. Kama wanataka kuanza wenyewe, wape video moja fupi na karatasi, waitafutie sanadi kabla ya Ijumaa, kila mmoja aandike ameishia kwa nani.